Sinia Chini ya Mwembe

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye siku hizi makazi yake ni Ufaransa, ana tabia njema ya kuniandikia. Katika barua moja alinisimulia safari aliyoifanya na wenzake katika mashamba ya kusini mwa nchi hiyo. Jambo lililomshangaza kuliko makasri na makanisa ya kale ni kwamba kila ilipofika saa sita mchana safari ilisimama. Maduka ya vijijini yalifungwa. Meza zilitolewa nje zikawekwa chini ya miti, na watu wakakaa. Walikula kidogo, wakazungumza sana, kikaondolewa chakula hiki kikaletwa kile, na mpaka wanainuka ni saa tisa. “Mwalimu,” aliandika, “wenzetu hawa wanajua kula.”

Ni kweli wanajua, na wala hawalichukulii jambo hilo kuwa ni mchezo. Tangu mwaka 1894 sheria zao za kazi zimewazuia waajiri kuwaacha wafanyakazi wale pale pale penye kazi, na ilibidi yaje maradhi ya korona ndipo sheria hiyo ikalegezwa kwa muda. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Wafaransa, ule wa kukaa pamoja kwa sherehe, katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Wachoraji wao nao hawakubaki nyuma. Picha ya Édouard Manet ya mwaka 1863, inayoonyesha watu wamekaa kwenye majani na chakula chao, ni mashuhuri dunia nzima. Ingawa mimi, kwa jinsi bibi mmoja alivyochorwa humo bila ya nguo, nisingethubutu kuitundika katika ukumbi wa chuo cha ualimu.

Nilipomjibu nilimkumbusha kuwa yeye ni mtoto wa Pemba, na kwamba babu zake nao walikuwa na chakula chao cha mchana cha nje, kirefu kama hicho. Kwa msafiri, chakula hicho kilikuwa na sifa moja ambayo hicho cha Wafaransa hakina: hakikuwa na bei. Lakini barua haikunitosha. Ukianza kueleza namna msafiri wa Pemba alivyokula njiani, na namna alivyoacha kula njiani, utajikuta unaeleza habari ya kisiwa kizima.

Pemba ni kisiwa cha chakula tangu zama. Waarabu wa kale walikiita Kisiwa cha Kijani, na jina hilo halikutokana na karafuu, maana karafuu wakati huo ilikuwa bado iko mbali nasi maelfu ya maili. Kilikuwa kijani kwa mpunga wa mabondeni, kwa migomba, kwa minazi na viazi vikuu. Mombasa ilikula mchele wa Pemba kwa karne nyingi, na Wareno walipoijenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka 1593, askari wake nao wakawa wanategemea majahazi ya chakula kutoka kwetu. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, hakufika Pemba, lakini aliyoyaona Mogadishu yanafanana sana na yetu. Mgeni aliletewa wali wa samli katika sinia kubwa la mti, na vitoweo pembeni, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu na tangawizi na embe. Mtu aliyezunguka nusu ya dunia hakusahau kuyaandika hayo. Sinia, basi, lina umri mkubwa katika pwani hii.

Sasa msomaji ajiulize: kwa nini nje? Nyumba ya shamba ya Pemba ilikuwa ya udongo na makuti, ndogo, ya giza, na ya moshi wakati wa kupika. Tena ndani mna wake na mabinti wa watu. Mwanamume mgeni asiye jamaa hawezi kukaribishwa humo hata awe mtu wa heshima vipi. Lakini kumwacha apite na njaa ni aibu kubwa zaidi. Njia iliyobaki ni kukitoa chakula nje, barazani au chini ya mti, ambako mgeni hamvunjii mtu staha na mwenyeji hamvunjii mgeni heshima. Kwa hiyo ule mwembe mkubwa unaoukuta mbele ya nyumba nyingi za kale haukuwa pambo. Ulikuwa ndio chumba cha wageni.

Na kwa nini kirefu? Kwanza ni jua. Pili ni sala ya adhuhuri, maana mtu akishakula, akatawadha, akasali, na akajinyoosha kidogo kwa kailula, saa mbili zimekwisha bila ya yeye kuzihesabu. Tatu ni nchi yenyewe. Ukiitazama Pemba kwenye ramani utasema ni mahali padogo, kiasi cha kilomita 67 kwa urefu na 22 kwa upana. Ukiitembea kwa miguu utaona mambo mengine. Ni kilima na bonde, kilima na bonde, na upande wa magharibi hori za bahari zimeingia ndani ya ardhi kama vidole. Anayekwenda Mtambwe kutoka Wete hushika chombo, na anayekwenda Kojani lazima avuke, na chombo kinataka maji. Kama maji yametoka, hata uwe na haraka ya namna gani, utakaa kitako kwa mwenyeji wako mpaka yajae. Wazee walisema safari haina mwenyewe, na mimi naamini aliyesema hivyo alikuwa amekaa pwani anayangojea maji.

Nne, na huenda hili ndilo kubwa, ni habari. Magazeti hayakufika mashamba, na redio zilikuwa chache. Msafiri aliyetoka Chake Chake alikuwa na bei ya karafuu kichwani mwake, na nani kafa, na nani kaoa, na meli imeleta nini. Mwenyeji hakutoa muhogo wake bure kabisa. Alilipwa kwa maneno. Ndiyo sababu mgeni aliyekula upesi akaaga upesi alionekana mtu asiye na adabu, kama mtu aliyeondoka na kitu cha watu.

Hapo ndipo inapoingia karafuu, na Wafaransa wanaingia nayo kwa mlango wa nyuma. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, na Waholanzi waliulinda kwa ukali ili usipandwe kwingine. Aliyewazidi akili ni Mfaransa mmoja, Pierre Poivre, mzaliwa wa Lyon, ambaye mkono wake wa kulia uliondolewa na risasi ya mzinga wa Waingereza. Akiwa mtawala wa Kifaransa katika kisiwa kiitwacho leo Mauritius, alituma watu kwa siri, na mwaka 1770 miche ikamfikia. Kutoka huko mkarafuu ulikwenda Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukaingia Unguja. Seyyid Said alipoitwaa Pemba kutoka kwa Mazrui katika miaka ya 1820, na baadaye akahamishia makao yake Unguja, mikarafuu ikaanza kupandwa kwa amri. Pemba wakati huo haikuipokea kwa pupa, kwani ilikuwa na mpunga wake. Kisha kikaja kimbunga cha mwezi wa Aprili 1872. Kiliing’oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo karafuu ni ya Pemba, na mpaka katika zama zetu sehemu iliyo kubwa mno ya karafuu za Zanzibar, robo tatu au zaidi, hutoka kwetu.

Sitaki msomaji adhani nasimulia habari za peponi. Watu waliopanda na kuchuma karafuu hizo za mwanzo walikuwa watumwa, na watumwa hawakukaa sinia moja na mabwana zao. Bwana alikula barazani. Mtumwa alikula nyuma ya banda alichokilima mwenyewe katika siku zake mbili za wiki. Amri ya kuufuta utumwa ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897, lakini amri haiondoi mipaka ya mwembe kwa siku moja. Hata nilipokuwa mtoto, miaka 60 baadaye, kulikuwa na mashamba ambayo kila mtu alijua mahali pa kukaa bila ya kuambiwa. Wanawake nao walikula upande wao, baada ya wanaume kwa kawaida, na ndio waliopika. Ukweli huu usemwe. Lakini usemwe pia kwamba mwembe ulikuwa unapanuka mwaka hata mwaka, na kilichoupanua ni msimu wa karafuu.

Msimu ulivileta visiwa pamoja. Walikuja Watumbatu, walikuja Wahadimu wa kusini ya Unguja, walikuja watu wa bara, na watu wa Micheweni na Kojani, ambako ardhi ni mawe, walihamia mashamba ya magharibi na sufuria zao na watoto wao. Karafuu haingojei. Ikichelewa inafunua maua, na ikishafunua thamani yake imekwenda. Watu walipanda mitini tangu umande haujakauka, na jioni yote walikaa kwenye majamvi wakichambua, wakitenga karafuu na makonyo, wakapimiwa kwa pishi na kulipwa kwa pishi. Katikati ya kazi hiyo ya kubanana palikuwa na nafasi moja tu ya kupumua, nayo ilikuwa mchana.

Babu yangu alikuwa mtu wa kutembea. Gari zilikuwapo katika miaka ya 1950, zenye bodi la mbao na mabenchi, lakini yeye alisema gari inampitisha mtu mbele ya watu bila ya kuwaamkia. Kwa hiyo tulikwenda kwa miguu kutoka kwetu, karibu na Chake Chake, mpaka Wete, yeye na bakora yake na mimi na kifurushi. Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Tukapita watu waliomjua na wasiomjua, na kwa wote alisimama. Mbele ya Ole, jua likiwa utosini, tukaacha njia kubwa tukashika kijia cha shamba, na harufu ya karafuu zilizoanikwa ikatupokea kabla hatujamwona mtu.

Nakumbuka mpangilio wa maneno kuliko nyuso. Babu hakuomba kitu. Alitoa salamu kwa mbali, akaitikiwa. Sauti ikatoka chini ya mwembe: “Karibu, ami!” Babu akajibu, “Starehe,” kama ilivyo ada, maana yake msiinuke kwa ajili yangu, endeleeni. “Aa, karibu, mtoto atakuwa na njaa.” “Tumeshakula huko nyuma.” Hatukuwa tumekula, na aliyesema karibu alijua hivyo. “Basi njooni mwonje tu.” Mara ya tatu babu akavua viatu. Kumkubalia mtu mara ya kwanza ni uroho, na kumkatalia mara ya tatu ni kiburi. Nimefundisha adabu kwa walimu wanafunzi kwa miaka mingi kwa kutumia vitabu vya saikolojia, lakini sijapata kitabu kilicholieleza jambo hilo kwa ufupi namna ile.

Tulimwagiwa maji ya mikono kwa kata. Sinia liliwekwa kwenye jamvi, na sisi tukawa watu sita kulizunguka: babu, mimi, mwenye shamba, wachumaji wawili wa Kitumbatu, na mzee mmoja mrefu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Wali ulikuwa haba siku hiyo, na hakuna aliyeomba radhi kwa hilo. Kilichokuwapo ni muhogo na ndizi za nazi, papa mkavu aliyerowekwa akapikwa kwa ndimu na pilipili, na embe mbichi iliyokatwa na chumvi. Kila mtu alikula upande wake wa sinia. Kitoweo kiliwekwa katikati na mwenye shamba ndiye aliyekimega, akakisukuma mbele ya wageni kwa ncha ya vidole kama mtu asiye na habari na anachokifanya. Papa wangu aliongezeka mara tatu bila ya mimi kuona mkono wa mtu.

Mzee wa bara alisimulia jinsi baba yake alivyofika Pemba. Hakutaja neno utumwa. Alisema tu, “Aliletwa.” Mwenye shamba, ambaye nasaba yake ilikuwa ya Kiarabu, alitazama sinia, akasema, “Mungu amrehemu,” na wote tukaitikia amina. Nilikuwa mtoto na sikuelewa kilichopita pale. Nilikuja kukielewa nilipokuwa mtu mzima, nikisoma historia: kwamba watu wawili ambao babu zao walikuwa bwana na mtumwa walikuwa wanakula kitoweo kimoja, na kwamba mwembe ule, kwa muda wa saa mbili, ulikuwa umefanya kazi ambayo amri ya mwaka 1897 haikuiweza peke yake. Sisemi ilikwisha. Baada ya kula, mzee yule alirudi juu ya mti na mwenye shamba alibaki kwenye jamvi. Nasema tu kuwa ilikuwapo.

Yaliyofuata msomaji wa Zanzibar anayajua. Mapinduzi yalikuja tarehe 12 Januari 1964, mashamba yakatwaliwa, eka tatu tatu zikagawiwa, na biashara ya karafuu ikawa ya serikali peke yake. Mengi yameandikwa juu ya hayo kwa ubishi mkubwa, nami siingii humo. Nataka kusimama kwenye miaka miwili tu, 1971 na 1972.

Katika miaka hiyo uingizaji wa mchele na unga kutoka nje ulizuiwa. Tukaambiwa tujitegemee kwa tunacholima. Neno lenyewe si baya, lakini kisiwa kilichokuwa kikiilisha Mombasa kilikuwa kimeshapandwa mikarafuu tangu zamani, na karafuu hailiwi. Mvua nayo haikuwa nzuri. Foleni zilianza alfajiri mbele ya maduka yasiyo na kitu. Watu walikula mashina ya migomba na mizizi ya porini, na mtu aliyekuwa na muhogo shambani alilala nao usiku asije akaibiwa. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, kijiji kimoja cha kaskazini, na nilikuwa nikitembea kwenda skuli na kurudi kwa njia ile ile kila siku. Hapo ndipo nilipoona sinia linavyokufa.

Halikufa kwa ubakhili. Wako wanaosema watu wa zamani walikuwa wakarimu na wa leo ni wachoyo, nami siliafiki neno hilo hata kidogo. Lilikufa kwa haya. Mwenyeji asiye na kitu hawezi kukaa barazani saa saba mchana, kwa sababu mtu atapita, na mtu akipita lazima aseme karibu, na akisema karibu pengine mgeni atakubali. Basi alikaa ndani. Milango ambayo sikuwahi kuiona imefungwa mchana ikafungwa. Na wasafiri nao walifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka hunipata uchungu: waliacha njia ya kijijini. Ikikaribia saa saba, mtu aliyekuwa apite mbele ya nyumba za watu alizunguka kwa nyuma, migombani, akajipitia kimya, ili asimtie mwenzake katika mtihani wa kumkaribisha. Nyasi zilikufa katika vijia vipya vya nyuma ya nyumba. Ungeweza kuhesabu njaa ya kijiji kwa kutazama upana wa vijia vile. Mwenyeji na mgeni walikuwa bado wanaheshimiana kama zamani, ila sasa kila mmoja alimwonyesha mwenziwe heshima kwa kumkimbia.

Mwezi wa Aprili 1972 Rais Abeid Karume aliuawa, na chini ya Aboud Jumbe vyakula vikaanza kuingia tena kidogo kidogo. Tumbo lilipona mapema. Desturi ilichelewa. Mtu aliyezoea kula na mlango umefungwa haufungui siku unapofika mchele. Tena zilikuwa ni zama za sheria kali za magendo ya karafuu, na mgeni asiyejulikana katika kijia cha shamba, karibu na pwani, alianza kutazamwa kwa jicho jingine. Aliyeulizwa zamani “Watoka wapi?” ili asimulie, sasa aliulizwa swali lile lile kwa sauti tofauti.

Kitu cha ajabu ni kwamba waliolirudisha sinia shambani, kwa nilivyoona mimi, ni wanafunzi. Skuli zilifungwa wakati wa msimu mkubwa, na watoto wakapelekwa kwenye makambi kuchuma. Wapo waliolalamika, na walikuwa na haki: vitabu viliachwa, na mtoto akianguka mkarafuuni anavunjika kama mtu yeyote. Lakini saa ya chakula ilikuwa tamasha. Maharage na ugali vilipikwa katika masufuria makubwa, na mara nyingi vilikuwa vimeungua. Vijana wa mjini wasiopata kukaa kitako na mtu wa shamba walikuta wazee wa kijiji wamejikokota mpaka kambini, na wazee hawakuja mikono mitupu. Mmoja ana shelisheli za kuchoma, mwingine madafu, mwingine furushi la shokishoki. Wakakaa. Nikamsikia mzee mmoja akimwambia msichana wa darasa la kumi, “Karibu, mwanangu,” naye akajibu “Ahsante,” akachukua. Mzee akacheka mpaka akashika mbavu. Ikabidi nimwite msichana nimweleze habari ya “starehe” na ya mara tatu. Baada ya siku mbili kambi nzima ilikuwa inakataa chakula kwa mchezo, mara mbili mbili, na maharage yanapoa.

Kisha karafuu yenyewe ikaanguka. Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu zetu kwa ajili ya sigara zake, ilipanda yake ikajitosheleza katika miaka ya 1980, na bei ikashuka vibaya. Watu wakaacha hata kupalilia. Msimu usio na wachumaji hauna chakula cha mchana, na vijana wengi wa Kipemba wakaelekea Dar es Salaam, Tanga na Mombasa kufungua maduka, ambako chakula cha mchana huliwa kimesimama nyuma ya kaunta, jicho likiwa kwenye mlango.

Pigo la mwisho halikutokana na tumbo. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995 watu wa Pemba waligawika kwa vyama mpaka chakula kikapata chama. Huyu haendi dukani kwa yule. Huyu haendi harusini kwa yule. Zilitokea maiti zilizokosa wachimbaji makaburi, na pilau za hitima zilizobaki masinia. Tarehe 27 Januari 2001 damu ikamwagika, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Katika siku zile nilifiwa na jamaa yangu wa karibu. Mwembe mbele ya nyumba yake ulikuwa na vivuli viwili: upande huu walikaa hawa na upande ule walikaa wale, na katikati pakaachwa nafasi ya kiasi cha jamvi moja. Sinia lilipoletwa, mpishi hakujua alitue wapi. Alisimama nalo mikononi, mtu mzima, jasho linamtoka, akitazama huku na huku. Mwishowe bibi mmoja mkongwe alitoka ndani, akamnyang’anya, akalitua katikati penye nafasi tupu, akakaa nalo peke yake akaanza kula. Mwanamke, mbele ya wanaume wote wale. Hapakuwa na aliyemkemea. Baadaye kijana mmoja wa upande huu alisogea, kisha mmoja wa upande ule. Wengine hawakusogea.

Maridhiano ya Novemba 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010 yaliziba jamvi lile katika vijiji vingi, na uchaguzi uliofutwa wa mwaka 2015 ukalifungua tena katika baadhi yake. Mwishoni mwa 2020 ikaundwa tena serikali ya umoja. Mimi siku hizi nikitaka kujua hali ya siasa ya kijiji siulizi matokeo ya kura. Natazama nani anakula na nani.

Lami imemaliza kazi ya kutembea. Kutoka Chake Chake hadi Wete sasa ni safari ya chini ya saa moja, na msafiri wa leo hana mahali pa kuona njaa njiani. Akiiona ananunua chipsi katika mfuko. Sina ugomvi na lami. Mke wangu aliwahishwa hospitali kwa sababu yake. Lakini kipo kipindi kimoja cha mwaka ambapo kijia cha babu yangu hurudi juu ya barabara ile ile, nacho ni Ramadhani. Ikikaribia magharibi, wanaume hutoka majumbani na masinia yaliyofunikwa kawa, wakayapanga barazani na chini ya miti kando ya njia: muhogo wa nazi, majimbi, viazi vikuu, samaki wa kukaanga, uji wa mtama wenye pilipili manga, tende. Kila nyumba imeleta chake na hakuna anayekula chake. Watoto husimama barabarani na kuyasimamisha magari.

Mwaka jana nilikuwa katika gari ya abiria iliyochelewa, narudi nyumbani. Adhana ilitukuta njiani. Kijana mdogo, hajapata hata miaka 10, aliruka katikati ya barabara akiwa na kikombe cha maji mkononi, na dereva akafunga breki kwa hasira. “Karibuni!” akasema mtoto. Dereva akasema ana haraka. “Karibuni,” akasema tena. Dereva akatoa kichwa nje akatazama chini ya mwembe: watu 15 hivi, wamekaa, kawa bado hazijafunuliwa, wote wanatungojea sisi. Akamwambia mtoto kwamba tutafuturu mbele, Wete si mbali. Mtoto hakuondoka mbele ya gari. Dereva akazima moto.